Mwanafunzi wa Usanifu Majengo Aanze na Chumba Anamolala

Kila mwaka masomo yanapoanza, huwauliza wanafunzi wangu wapya wa usanifu majengo swali moja kabla hawajafungua madaftari. Je, mlango wa chumba ulimolala usiku wa jana una upana gani? Hapo kimya huingia. Mmoja hunyoosha mikono hewani akakisia. Mwingine husema mita 2, upana ambao gari dogo laweza kupita bila kukwaruzwa. Wa tatu husema sentimita 50, na lau ingekuwa kweli angelazimika kuingia kwa ubavu kila jioni. Mlango wenyewe, aghalabu, una sentimita 80 au 90. Wameupita maelfu ya mara, wameupitishia vitanda na magunia, wameugonga kwa bega gizani umeme ulipopotea, na bado hawaujui.

Swali hili limewahi kuniletea lawama. Kijana mmoja aliniambia, tena kwa adabu, "Mwalimu, sisi tulikuja kujifunza majengo, si milango." Sikumkaripia. Maneno yake nimeyatafakari kwa miaka mingi, maana hayakuwa yake peke yake. Ndiyo imani ya wazazi waliomlipia karo, ndiyo imani ya walimu waliomfundisha sekondari, na nasikitika kusema kwamba ndiyo imani ya baadhi yetu tunaomfundisha chuoni: kwamba usanifu majengo ni taaluma ya mambo makubwa yaliyo mbali, na kwamba chumba cha mtu wa kawaida hakina la kufunza.

Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Nasema tunawaanzisha vijana hawa mahali pasipofaa. Wanakuja kwetu wakiwa wameishi miaka 18 au 19 ndani ya majengo ambayo hapana mtu aliyewahi kuwataka wayatazame, nasi badala ya kuwarudisha humo tunawatuma kubuni majengo ambayo hawajapata kuyaona.

Hebu msomaji alitazame juma la kwanza la mwanafunzi wa kawaida. Ataandika daftarini jina la Vitruvius, Mrumi aliyeishi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, na zile sifa tatu alizozidai katika kila jengo: uimara, manufaa na uzuri. Ni mafundisho mema, na mimi pia huyafundisha. Lakini juma linalofuata ataambiwa abuni jumba la makumbusho, au hoteli ya watalii ufuoni. Kijana ambaye aliingia jumba la makumbusho mara moja tu, siku ya ziara ya shule, akiwa amesukumwa katika mstari wa watoto 60, atapata wapi mawazo? Atayapata magazetini na katika picha za simu yake. Atachora kuta za vioo na paa lililopinda kama bawa la ndege. Mchoro utapendeza. Ukimwuliza mtunza tikiti atakaa wapi, au maji ya mvua yatapita upande gani, atakutazama kana kwamba umemtukana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayowapa ni hii: nenda nyumbani kwenu, au chumbani kwako, uchukue tepu ya fundi, upime kila kitu, kisha ukichore kwa penseli, kwa skeli ya 1 kwa 50. Nataka ramani, yaani nyumba ionekanavyo ukiitazama kutoka juu paa likiwa limeondolewa. Nataka pia mchoro wa mkato, kama kwamba nyumba imepasuliwa kwa msumeno kutoka paani hadi sakafuni ukaona yaliyomo. Nataka kimo cha dirisha kutoka sakafuni, unene wa ukuta, na upande ambao mlango hufungukia. Nataka vitanda, meza, ndoo za maji na jiko, kila kimoja mahali pake.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea ramani ya nyumba yenye vyumba vinne vya kulala, sebule mbili na baraza ya mbele. Mistari ilikuwa safi mno. Nilimwuliza dirisha la jikoni liko umbali gani kutoka sakafuni. Akasita. Nikamwuliza ukuta wa nje una unene gani. Akainamisha kichwa. Sikuendelea kumhoji mbele ya wenzake. Nilimwambia tu kwamba vipimo viwili vimesahaulika, akavitafute. Jioni ile alinifuata ushorobani akaniambia ukweli: nyumba ile ilikuwa ya gazetini. Kwao ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, Nairobi, nao ni watu watano.

Kila mkazi wa Nairobi anakijua chumba hicho. Futi kumi kwa kumi ni mita mraba 9.3, na familia chungu nzima za jiji letu zimelelewa humo. Nilimwambia akichore, na kwamba hapana atakayekiona isipokuwa mimi. Alikaa siku nne. Alipokuja hakuleta ramani moja. Alileta tatu za chumba kile kile. Ya kwanza ilikuwa ya saa kumi na mbili asubuhi, ya pili ya saa kumi na mbili jioni, ya tatu ya saa nne usiku. Katika ya jioni, sakafu iliyo karibu na mlango ilikuwa jiko. Katika ya usiku, sakafu ile ile ilikuwa kitanda cha ndugu wawili, godoro likiwa limevutwa kutoka chini ya kitanda cha wazazi cha futi 4 kwa 6. Pazia lililogawa chumba alilichora kwa mstari wa vitone, nalo lilikuwa mahali tofauti katika kila ramani, kwa maana pazia ndilo lililokuwa ukuta wa nyumba ile, na ukuta ule ulitembea.

Nimefundisha miaka mingi na sijapata kupewa maelezo bora kuliko hayo ya neno manufaa, ile sifa ya pili ya Vitruvius. Kijana yule alikuwa amegundua, pasipo kuambiwa, kwamba chumba si umbo tu. Chumba ni umbo pamoja na saa.

Aliyagundua na mengine. Mlango wao, wenye upana wa sentimita 80, ulifungukia ndani. Alipochora robo duara ya mlango ule ukifunguka, akapiga hesabu, akaona kwamba umekula nusu mita mraba ya sakafu ambapo hapawezi kuwekwa kitu chochote. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya nyumba yote! Akaona pia kwamba dirisha na mlango vilikuwa katika ukuta mmoja, kwa hiyo hewa iliyoingia haikuwa na pa kutokea. Alichora moshi wa jiko kwa ubavu wa penseli, ukijikusanya chini ya mabati na kushuka hadi kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama. Mama yake, bila kusoma kitabu chochote, daima aliliweka jiko mlangoni.

Nilimtaka apendekeze badiliko moja tu, lisilozidi gharama ya kazi ya fundi ya siku moja. Alichora tundu la hewa, lenye ukubwa wa jiwe moja, juu kabisa ya ukuta wa nyuma ulioelekea kichochoroni. Huo ndio ulikuwa ubunifu wake wa kwanza. (Mwenye nyumba, niliambiwa baadaye, hakukubali.) Siku ya maonyesho ya kazi za darasa, mimi sikusema neno. Yeye mwenyewe alizibandika ramani zake tatu ukutani.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naamini kuna aibu inayowazuia vijana wetu kujifunza, na aibu hiyo si ya usanifu majengo pekee. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba nyumba ya kwao haistahili kuchorwa atakuwa msanifu asiyejua kuwachorea watu wanaoishi katika nyumba kama hiyo, nao ni wengi. Atawachorea wachache, na hata hao atawachorea vibaya.

Kutoka chumbani twaenda kwenye ngazi. Hapa sitakawia. Ipo kanuni ya zamani, iliyoandikwa na Mfaransa François Blondel katika karne ya 17, kwamba ukijumlisha vimo viwili vya kidato na upana mmoja wa kukanyagia, upate kadiri ya hatua moja ya binadamu. Kwa vipimo vya leo ni kati ya sentimita 60 na 65. Wanafunzi huikariri. Mimi huwatuma wakapime ngazi za mabweni yao. Mwaka mmoja walirudi wakicheka: kidato kimoja kilikuwa kimezidi vingine kwa sentimita 2, na ndicho kidato ambacho kila mmoja wao alikuwa amekwisha kujikwaa. Tangu siku hiyo sikuhitaji kuwaeleza maana ya kipimo kwa mguu wa binadamu.

Jua, kwa upande mwingine, lahitaji maelezo marefu, na hapa sina budi kuungama dhambi yangu mwenyewe.

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa masomo, shangazi yangu wa Kisumu alinipa heshima ya kumchorea nyumba. Kitabu nilichokitegemea kiliandikwa na Mwingereza kwa ajili ya Waingereza. Kilisema madirisha makubwa ya sebule yaelekee kusini, jua liingie. Kwa London ni shauri jema. Mji ule uko kaskazini ya mbali, na mwezi Desemba jua la adhuhuri huwa digrii 15 tu juu ya upeo, upande wa kusini. Mtu hulihitaji kama anavyohitaji blanketi. Mimi nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba Kisumu si London. Sikuwa na akili ya kutosha kujiuliza, basi, Kisumu ni nini. Niliona kwamba kiwanja cha shangazi kilitazama ziwa, na ziwa liko magharibi. Nikaweka huko dirisha la kioo lenye upana wa mita 3.

Laiti ningesimama kiwanjani pale alasiri moja tu! Katika nchi iliyopitiwa na Ikweta, jua la adhuhuri si adui mgumu. Nairobi iko kusini mwa Ikweta kwa digrii 1 na robo hivi. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, digrii 65 juu ya upeo. Mwezi Desemba huwa upande wa kusini, digrii 68. Ni jua la juu sana. Upenu wa paa wa sentimita 70 hutosha kulikinga dirisha lenye kimo cha mita 1 na nusu, ukuta wa kaskazini na wa kusini kadhalika. Kinachotushinda ni jua la asubuhi na la jioni, kwa sababu huja limeinama, likaingia moja kwa moja chini ya upenu. Huko Kisumu, saa kumi na moja jioni, jua huwa limeshuka hadi digrii 25 hivi. Kulikinga dirisha hilo hilo la mita 1 na nusu kungetaka upenu wa zaidi ya mita 3. Hapana paa la nyumba ya kawaida lenye upenu wa namna hiyo.

Shangazi alihamia Januari. Kufikia Februari alikuwa ametundika leso mbili dirishani, kisha blanketi. Nilipomtembelea alinikaribisha kwa chai na samaki, akanikalisha kwenye kiti kilichotazama blanketi lile, akasema, "Mwanangu, ziwa ni zuri, lakini sikuomba kuchemshwa pamoja nalo." Nilimwuliza kwa nini hakupinga nilipomwonyesha ramani. Alinijibu kwamba hakujua alikuwa akionyeshwa nini. Aliona mistari, akadhani ni makaratasi ya baraza la mji, akatikisa kichwa kwa sababu alimpenda aliyeyaleta.

Jibu hilo liliniuma kuliko joto la dirisha. Nilikuwa nimechora nyumba katika lugha asiyoisoma, na maneno niliyoyatumia kuifafanua yalikuwa ya kitabu cha Kiingereza. Sikumwambia, kwa Kiswahili sahili, "Shangazi, saa kumi alasiri jua litakupiga usoni ukiwa umeketi hapa." Sikumwambia kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimeitafsiri ramani yangu katika maisha ya mtu yeyote.

Ndiyo maana, wanafunzi wakishapima vyumba vyao na kulifuata jua kwa siku nzima wakiwa na kijiti kilichosimamishwa uwanjani, huwapeleka Pwani, Lamu ikiwezekana. Hatuendi kama watalii. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mwanafunzi anaweza kurudi na picha mia za milango ya nakshi bila kujifunza chochote. Mimi huwapa tepu zile zile. Hupima vyumba vya nyumba za mawe, na baada ya nyumba ya pili au ya tatu huanza kunong'onezana: kila chumba ni kirefu na chembamba, na upana wake hauzidi mita 3. Kwa nini? Huwaacha wabishane. Wengine husema ni mila, wengine dini. Kisha mmoja huinua macho darini akaziona boriti. Boriti ni mti wa mkoko, na mti huo haulali salama ukiubebesha dari nzito ya matumbawe na chokaa juu ya nafasi pana kuliko hiyo. Upana wa chumba ulikatwa msituni kabla haujafika kwa fundi.

Na si Lamu peke yake. Boriti hizo zilipakiwa majahazini na kupelekwa kwa upepo wa kusi hadi Oman, Bahrain na Kuwait, nchi zisizo na miti ya kujengea, na nyumba zao kongwe zina vyumba vya upana unaokaribiana na huo. Mkoko wa pwani yetu uliamua sebule za watu wa Ghuba. Mwanafunzi aliyelielewa jambo hili hatashangaa akiambiwa kwamba chuma na zege navyo vina upana vinavyoupenda. Atauliza ni upi.

Katika nyumba hizo hizo hujifunza mpangilio. Mgeni husimama au huketi dakani, penye mabenchi ya mawe kila upande wa mlango. Akikaribishwa huingia tekani, kisha kiwanda, ule uwazi wa ndani unaopokea mwanga na hewa; baada ya hapo huja misana, na nyuma yake ndani, chumba cha siri ya nyumba. Kila hatua ina neno lake, na kila neno humweleza mtu ni nani anayeruhusiwa kufika hapo. Mwanafunzi kutoka Nyanza hunena mara moja kwamba boma la kwao nalo lina utaratibu wake: lango, nyumba ya mke wa kwanza iliyolielekea lango, na simba za vijana wa kiume karibu na lango. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba huo ni usanifu. Alifikiri ni ukoo tu.

Nataka hapa niwageukie walimu wa shule za sekondari, kwa kuwa kazi hii haifai kungojea chuo kikuu. Mwalimu wa hisabati anafundisha uchoraji wa vipimo kwa mifano ya meli na minara ambayo wanafunzi wake hawajaiona, ilhali darasa lenyewe alimosimama lina kuta nne zinazoweza kupimwa kwa kipindi kimoja. Anafundisha kanuni ya Pythagoras ubaoni, na huko nje mwashi anayejenga choo kipya cha shule anainyoosha kamba yake kwa futi 3, 4 na 5 ili apate pembe mraba. Mwite mwashi huyo aje aonyeshe. Mwalimu wa jiografia anaweza kusimamisha kijiti uwanjani na kuwaagiza wanafunzi waweke alama ya kivuli kila saa, Machi na tena Juni, wakaona kivuli cha adhuhuri kikihamia kusini jua linapoelekea kaskazini. Gharama ni kijiti.

Mwalimu wa Kiswahili naye asijitenge. Lugha yetu imekwisha kuifanya kazi ambayo vitabu vya kigeni havikuifanya. Kaskazi na kusi ni majina ya pepo kabla ya kuwa majina ya pande za dunia. Mswahili aliyepanga nyumba yake alipotaja upande alitaja na upepo wake papo hapo. Tuna kizingiti, mwimo, upenu, dari, ushoroba, ukumbi, kidaka na baraza. Mpe mwanafunzi insha moja ambayo ndani yake lazima ampeleke kipofu kutoka lango la shule hadi kitanda chake bwenini, kwa vipimo na majina sahihi ya sehemu anazopita. Akishindwa kuiandika, basi hajaiona shule yake.

Najua nitajibiwa nini. Wenzangu kadhaa, tena wasomi ninaowaheshimu, hunambia kwamba hii ni njia ya kizamani. Kompyuta huchora haraka na kwa usafi kuliko mkono wowote. Ofisi za wasanifu huajiri anayeijua programu, si anayejua kuchonga penseli. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ana haki ya kutaka mwanawe apate kazi. Hoja hizi ni nzito, na sitajifanya kuwa sizioni. Mimi pia huchora kwa kompyuta, na sitaki kurudi kwenye karatasi ya kunakilia na wembe wa kukwangulia wino.

Walakini nimeona linalotokea mwanafunzi anapoanza na mashine. Programu humpa mstari wa urefu wowote kwa urahisi ule ule: wa sentimita 80 na wa mita 80 hujitokeza kwa mguso mmoja wa kidole. Humpa kitanda kutoka ghala la michoro, naye hukitia chumbani bila kuuliza kitapitia mlango gani. Anaweza kusogeza picha karibu au mbali apendavyo, hata asijue tena yeye mwenyewe ana ukubwa gani ndani ya jengo lake. Nimepokea kazi iliyochorwa kwa ustadi wa kustaajabisha ambamo sinki la kunawia lilikuwa katika kimo cha kidevu cha mtu mzima. Mashine haikukosea, ilifanya ilivyoagizwa. Kijana ambaye amekwisha kupima sinki la kwao, akalichora mara mbili na kulifuta mara tatu, angelishtukia kosa hilo kabla ya kuinua kidole. Majuma sita ya tepu na penseli hayatamkosesha kazi. Na kama ofisi itamkataa kwa ajili ya majuma hayo sita, basi sijui inatafuta mtu wa namna gani.

Isitoshe, kupima kunafundisha jambo ambalo halipatikani kwenye kioo cha kompyuta, nalo ni kubisha hodi. Mwanafunzi anayekwenda kupima nyumba ya jirani hana budi kuamkia, kueleza nia yake, kungojea chai imalizike, kusikia kwamba paa huvuja pembeni pale na kwamba mtoto mdogo hulala upande huu kwa sababu ya kikohozi. Hapo amekwisha kuanza kumsikiliza mteja. Mimi nilijifunza hilo nikiwa nimechelewa, na aliyelipia karo hiyo ni shangazi.

Ramani ya nyumba yake ninayo hadi leo. Katika juma la tano huibandika ukutani bila kutaja ni ya nani, nikawaambia wanafunzi kwamba iko Kisumu, kwamba mshale wa kaskazini ni ule pale juu, na kwamba nawapa nusu saa waniambie nani atateseka humo na saa ngapi. Mwanzoni mwa mwaka wasingeweza. Juma la tano huweza karibu wote, na hawanionei huruma. Mwaka uliopita msichana mmoja aliyekaa mstari wa nyuma alimaliza dakika kumi za kwanza, akaandika "sebule, saa tisa hadi machweo, kila siku ya mwaka," kisha akauliza ni nani aliyechora dirisha hilo. Nikamwambia ni mimi. Darasa likatulia kidogo.

"Na lilifanywaje, Mwalimu?"

Nikamjibu kwamba shangazi alipanda mwarobaini mbele yake. Mti ule umekua, umelifikia paa, na sebule sasa ina ubaridi mzuri hata Februari. Ziwa halionekani tena.